Aliyekwenda na aliyebaki: nani kati yao aliyeona?

Mtaa ninaoishi hapa Moshi unaitwa Soweto. Jina hilo ni lile lile la kitongoji cha Afrika Kusini ambako Juni 16, 1976 maelfu ya wanafunzi walitoka madarasani kupinga kulazimishwa kusomeshwa kwa lugha ya Kiafrikana, na wengi wao wakapigwa risasi. Wanafunzi wale hawakuwa wakiikataa elimu. Walikuwa wakiuliza swali ambalo sisi watu wazima mara nyingi tunalikwepa: kusoma ni nini hasa? Je, mtu akikaa darasani na kurudia maneno yasiyomfika moyoni, tunaweza kusema amesoma?

Swali hilo limenirudia kwa sababu ya jambo lililonitokea mwaka jana. Nalieleza hapa ingawa halinipi sifa njema, kwani huenda lipo katika nyumba nyingi za Waislamu wa mijini, na ukimya wetu ndio unaolilea.

Shule moja ya sekondari, ambayo sina haja ya kuitaja, iliamua kuwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu nje ya mazoea ya ubao na chaki. Mpango ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, waalikwe watu kutoka nje ya shule waje kuzungumza na wanafunzi. Pili, wanafunzi wapelekwe ziara ya mafunzo katika geti la Marangu, wauone msitu wa mlima wanaousoma katika jografia na bailojia. Ni mpango mzuri, na nawapongeza walimu walioufikiria. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioalikwa, nizungumzie kahawa na ushirika.

Nilizungumza kiasi cha nusu saa. Niliwaeleza jinsi wakulima wa Kilimanjaro walivyoanzisha chama chao mwaka 1925, na jinsi KNCU ilivyozaliwa mwaka 1933. Nikawaeleza safari ya kahawa kutoka kihamba hadi kiwandani na hadi mnadani. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu. Mwishoni mwalimu akauliza kama kuna swali. Akasimama binti mmoja, ambaye ni mtoto wa jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta tu. Akasema: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza. Barafu ya Kibo ikiisha, maji ya mabomba yetu yatatoka wapi?"

Swali hilo halikuhusu kahawa, na ukweli ni kwamba jibu lake nilikuwa silijui. Lakini nilikuwa mgeni rasmi, nimevaa kanzu safi na kofia, na watoto zaidi ya mia moja wananitazama. Nikaona aibu kusema sijui. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba mito yetu yote inatokana na barafu, na barafu ikiisha Moshi itakuwa jangwa. Watoto wakapiga makofi. Binti akaketi, akayaandika maneno yangu katika daftari lake.

Wiki mbili baadaye ikafika siku ya ziara. Mchango ulikuwa Sh. 15,000 kwa kila mwanafunzi, kwa ajili ya basi na chakula. Tangu Januari 2016 ada ya shule za sekondari za Serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, imefutwa, na hiyo ni nafuu kubwa kwa wanyonge. Lakini ziara si ada, na basi haliendi kwa maji. Waliolipa walikwenda. Wasiolipa, nao walikuwa zaidi ya nusu ya kidato, walibaki shuleni wakafagia uwanja, kisha wakaambiwa wajisomee. Kijana wangu alikwenda. Binti wa jirani, ambaye baba yake amekwishafariki na mama yake anauza vitumbua asubuhi ili watoto wale, alibaki.

Jioni ile binti alikuja kwetu kumsalimia mama wa nyumba. Akamwomba kijana wangu amsimulie. Kijana akachukua simu akamwonyesha picha: wapo ndani ya basi, wapo chini ya kibao cha geti, wapo wanakula kuku. Binti akatazama picha zote kwa subira, kisha akaanza kuuliza. Msitu unaanzia wapi, mara baada ya mashamba au kuna nafasi katikati? Miti ina kuvu na majani marefu yanayoning'inia kama kitabu kinavyosema? Mto mliouvuka ulikuwa na maji mengi? Mhifadhi alisema nini kuhusu maji? Kijana wangu hakuweza kujibu hata moja. Alisema mhifadhi alizungumza, lakini wao walikuwa nyuma wakipiga picha.

Mwishowe binti ndiye aliyemweleza kijana wangu mlima ulivyo. Akampangia kwa vidole: kwanza mashamba ya migomba na kahawa, kisha msitu wa mvua, kisha vichaka na nyasi, kisha jangwa la mawe, kisha barafu mpaka kilele cha mita 5,895. Alikuwa ameyatoa yote kitabuni. Akamalizia kwa kusema: "Na mito yote inatoka kwenye barafu, baba yako alitufundisha."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: nani kati ya hawa wawili aliyekwenda mlimani? Na mimi niliyemjaza yule aliyebaki neno ambalo sikuwa na uhakika nalo, nina hukumu gani?

Hebu tuliangalie suala hili kwa jicho la dini yetu. Uislamu haukutuachia jambo la elimu likiwa kiza. Wanazuoni, wakizingatia lafudhi za Qur'an yenyewe, hasa Surat At-Takathur na Surat Al-Waqia, wametueleza kwamba yakini ina daraja tatu. Ipo yakini ya kujua kwa habari, ilmul-yaqin. Ipo yakini ya kuona kwa jicho, aynul-yaqin. Na ipo yakini ya kulionja jambo lenyewe na kuishi ndani yake, haqqul-yaqin. Mtu aliyeambiwa kwamba moto unaunguza anajua. Aliyeuona ukiunguza anajua zaidi. Aliyeungua hahitaji kuambiwa.

Nabii Ibrahim (AS) alikuwa muumini bila shaka yoyote, lakini katika Surat Al-Baqarah tunasoma kwamba alimuomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Allah (SW) hakumkemea. Alimwonyesha kwa ndege wanne. Basi kutaka kuona si upungufu wa imani wala si utovu wa adabu. Na katika Surat Al-Ghashiyah tunahimizwa tutazame ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Ni ajabu basi kwamba mtoto anazaliwa chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika, anauona kila asubuhi mawingu yakifunguka, na anamaliza kidato cha nne bila kuukanyaga hata mguu wake, huku watu wa Ulaya na Marekani wakikata tiketi za ndege kuja kuupanda.

Historia ya mlima huu yenyewe ina somo. Mei 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliona theluji juu ya Kibo na akaandika habari hiyo Ulaya. Huko London alikuwapo mtaalamu wa jografia aliyeitwa Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuja katika nchi hizi. Alikataa katakata. Kwake yeye haikuwezekana theluji ikae karibu na mstari wa Ikweta, na aliendelea kubishana miaka na miaka akiwa amezungukwa na vitabu vyake. Wachagga waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo tangu enzi hawakuhitaji Rebmann wala Cooley kuwaambia kwamba juu kuna baridi inayoua. Hivyo basi wapo walioishi na jambo, yupo aliyeliona akapita, na yupo aliyelikana kwa kiburi cha elimu ya kusoma tu. Mwenye vitabu vingi ndiye aliyekosea.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza. Atasema: je, dini yetu haikusimama juu ya kuamini ghaibu? Sisi hatukumuona Mtume Muhammad (SAW) lakini tumemuamini. Kama kuona ndiko elimu, sisi tuliokuja karne kumi na nne baadaye tuna nini?

Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Sisi tuna walioona, wakatufikishia. Dini yetu imetufikia kwa mnyororo wa watu: huyu alisikia kwa huyu, aliyesikia kwa huyu, aliyekuwapo na kuona. Wanazuoni wa hadithi walizunguka nchi na nchi kuuchunguza mnyororo huo. Jabir bin Abdillah (RA) alisafiri mwendo wa mwezi mzima kwa ajili ya hadithi moja tu kutoka kwa Abdullah bin Unays (RA). Na mpokezi aliyejulikana kuwa mwongo, au mzembe asiyehifadhi alichosikia, habari yake iliwekwa kando hata kama alikuwa mtu mwema wa swala na saumu.

Katika Hija ya kuaga, Mtume (SAW) aliagiza kwamba aliyehudhuria amfikishie asiyehudhuria, kwani huenda anayefikishiwa akawa mwenye kuelewa zaidi kuliko aliyesikia mwenyewe. Ndugu yangu, lirudie agizo hilo taratibu. Linasema mambo mawili makubwa. La kwanza, kuhudhuria si zawadi ya mtu kujifurahisha nayo, ni deni. Ukiona, umekuwa shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kusinzia wala ya kuongeza chake. La pili, asiyehudhuria huenda ana akili pana kuliko wewe. Hakubaki kwa sababu ya upungufu wake. Amebaki kwa sababu ambazo Allah (SW) anazijua, na haki yake ni kupata habari kamili.

Sasa nipime mimi na kijana wangu kwa kipimo hicho. Yeye alihudhuria akarudi mikono mitupu. Mimi nilifikisha nisichokijua. Yeye ni mpokezi mzembe, mimi ni mpokezi mbaya kuliko yeye. Na yule binti, ambaye kwa hakika ndiye aliyekuwa mwenye kuelewa zaidi, aliachwa na mnyororo uliokatika pande zote mbili.

Nilipoamua kutafuta ukweli wa swali lake, nilikuta jibu langu lilikuwa la makosa. Watafiti waliouchunguza mlima huu kwa miaka mingi wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito yetu haitokani na barafu. Inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule ule msitu ambao wanafunzi walipelekwa kuuona. Barafu ni kweli inapungua: ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na hadi kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini anayetaka mabomba ya Moshi yasikauke inampasa aulizie kwanza habari za msitu: moto kama ule wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022, ukataji wa miti, na jinsi mpaka wa juu wa msitu unavyoshushwa na mioto hiyo.

Tazama basi tofauti. Kwa jibu langu mtoto anajifunza kukata tamaa, kwa sababu barafu hawezi kuizuia isiyeyuke. Kwa jibu la kweli anajifunza wajibu, kwa sababu mti anaweza kuupanda, na moto anaweza kuuzuia au kutouwasha. Uongo wangu wa dakika moja, niliousema kwa kuogopa aibu, ulikuwa umemfungia mtoto mlango wa amali.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi mashuhuri ya Jibril (AS), aliyoisimulia Umar bin Khattab (RA). Alikuja mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, hana dalili ya safari wala hakuna anayemjua, akaketi mbele ya Mtume (SAW) magoti kwa magoti. Huyo ndiye mgeni bora kupata kuingia katika darasa lolote duniani. Lakini alifanya nini? Hakutoa hotuba. Hakusimulia alivyotoka chini hadi akafika juu. Aliuliza maswali: Uislamu ni nini, Imani ni nini, Ihsani ni nini, Kiama ni lini. Alipoondoka, Mtume (SAW) akawaambia Maswahaba kwamba huyo alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Amewafundisha kwa kuuliza! Na alipouliza kuhusu Kiama, Mtume (SAW), mbora wa viumbe, alimjibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Kama Mtume wa Allah (SAW) hakuona aibu kutamka hivyo mbele ya Maswahaba wake, mimi mwenye kanzu ya kuazima heshima ni nani hata nione aibu mbele ya kidato cha tatu?

Wageni tunaowaalika katika shule zetu, na hata katika madrasa na mihadhara yetu, wengi tumekuwa wa namna moja. Tunakuja na suti au majoho, tunasimulia tulivyosoma kwa taabu bila viatu, tunawaambia vijana wakaze buti, tunapigiwa makofi, tunaondoka. Mwanafunzi habakiwi na kitu cha kushika. Afadhali mgeni mmoja anayejua jambo moja kwa yakini na kukiri kwamba mengine hayajui, kuliko kumi wanaojua kila kitu.

Tena wageni hao tunao mitaani kwetu. Hapa Moshi kuna wapagazi, wale tunaowaita wagumu, ambao wamebeba mizigo ya wageni mlimani mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Wanaijua njia kwa nyayo zao, wanajua mvua ilivyobadilika, wanajua mahali ambapo zamani palikuwa na barafu na leo ni changarawe. Wao ndio wenye haqqul-yaqin ya mlima huu. Ni shule ngapi zimewahi kumwita mpagazi aje azungumze na wanafunzi? Tunamdharau kwa sababu hana cheti, kama vile Cooley alivyowadharau waliokuwa wameona. Kuna wazee wa mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga, wanaojua kugawa maji kwa zamu bila kupigana, na hiyo ni elimu ya uadilifu kabla ya kuwa elimu ya kilimo. Kuna mafundi na wastaafu wa reli iliyofika hapa kutoka Tanga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtu wa namna hii haji na hotuba. Anakuja na jambo.

Sasa tuje kwenye lile lililo zito zaidi, nalo ni wale waliobaki wakifagia. Baadhi yetu tunaweza kuitumia vibaya ile hadithi ya kufikisha na kusema: si vibaya, waende wenye uwezo, kisha wawasimulie wengine. Hapana. Agizo lile ni dawa ya kutohudhuria kusikoepukika, si kibali cha kutengeneza wasiohudhuria. Katika Surat Abasa, Allah (SW) alimlaumu Mtume wake kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum (RA), mtu kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume (SAW) ameshughulika na wakubwa wa Kikuraishi akitarajia wasilimu. Nia ya Mtume (SAW) ilikuwa njema kabisa. Pamoja na hivyo aya zikashuka, kwa sababu aliyekuja mbio akimcha Mola wake alikuwa na haki zaidi kuliko aliyejiona hana haja. Ikiwa lawama ilishuka kwa kipofu mmoja kugeuziwa uso mara moja, tunatarajia nini sisi tunaowageuzia uso nusu ya darasa, tena si kwa nia ya kuwavuta wakubwa katika dini, bali kwa Sh. 15,000?

Na simlaumu mwalimu. Mwalimu alikuwa na basi moja na mahesabu yake. Najilaumu mimi. Nilitoa mchango wa mwanangu, nikamnunulia na soda ya njiani, wala sikuuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini. Sote tunaijua hadithi ya anayelala ameshiba hali jirani yake ana njaa. Tumeifanya kuwa ni hadithi ya pilau tu. Kuna njaa nyingine, ya mtoto anayetaka kuona, nayo haionekani kwa macho kwa sababu tumbo lake halilii.

Najua wapo wazazi wenye hofu ya haki kuhusu ziara. Mei 6, 2017 basi la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hakuna mzazi wa Kaskazini asiyeikumbuka siku ile, na Allah (SW) awape subira waliofiwa. Hofu hiyo inatutaka tulikague basi, tumjue dereva, tukatae kujaza watu kupita kiasi na tukatae mwendo wa kasi. Wapo pia wanaohofia mchanganyiko wa wavulana na wasichana, au swala kupita. Hilo nalo lina ufumbuzi: waende na walimu wa kike, wakae kwa utaratibu, basi lisimame wakati wa Adhuhuri, na warudi kabla ya Magharibi. Kumzuia binti asione, kisha tukalalamika kwamba hatuna madaktari na wahandisi wa kike wa Kiislamu, ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Na ziara si lazima iwe ya mbali wala ya gharama. Kutoka mitaa yetu wanafunzi wanaweza kwenda kwa mguu au kwa nauli ndogo wakaona mengi. Upo msitu wa Rau pembeni mwa mji. Yapo mashamba ya mpunga ya Mabogini yanayolimwa kwa maji ya mifereji. Ipo Old Moshi, ambako Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake, na ambako ukoo wake umeendelea kudai kichwa chake, kinachoaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Mwanafunzi akisimama mahali pale hatahitaji kukariri maana ya ukoloni. Ila naye akiondoka atakuwa na deni, kwa sababu ameona mahali ambapo mtu alidhulumiwa, na aliyeona dhuluma hawezi tena kujifanya hajui.

Nini basi kifanyike? Mimi napendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila msikiti wenye shule jirani uwe na kifungu kidogo cha sadaka kwa ajili ya ziara za wanafunzi, wala pasitangazwe nani amelipiwa. Ikiwa fedha hazitoshi kwa safari ya mbali, waende wote mahali pa karibu, kuliko waende nusu mahali pa mbali. Na ikibidi wengine wabaki, basi kila anayekwenda apewe swali la mwenzake aliyebaki, aende nalo na arudi na jibu. Hapo ataacha simu mfukoni, kwa sababu amebeba amana ya mtu.

Kwa upande wangu, nilifanya mambo mawili. Jumamosi moja baada ya Alasiri nilimwita mpagazi mmoja, jirani yetu, akaketi barazani kwangu na watoto wa mtaa wakamzunguka. Sikumtaka atoe hotuba. Nilimwambia binti aulize. Waliendelea mpaka ikaadhiniwa Magharibi, na kijana wangu, safari hii bila simu, alikuwa anaandika.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Niliomba ruhusa ya mwalimu mkuu, nikarudi katika lile darasa la kidato cha tatu. Nikawaambia: mliponiuliza kuhusu maji nilikuwa sijui, nikajibu kama ninayejua. Nilikosea. Kisha nikawaeleza habari ya msitu kama nilivyoipata. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Yule binti alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akapiga mstari juu ya maneno yangu ya kwanza na kuandika mapya pembeni. Kisha akanyoosha mkono, akauliza swali jingine.

Nikamjibu: "Hilo silijui, mwanangu. Tutafute."

Wallahu a'lam.